Mwaka Nilipotia Jina Bila Kupima

Juma lililopita tulimzika Mama Zaina. Siku ya tatu ya kilio nilikuwa nyuma ya nyumba, nikiosha sahani pamoja na wanawake wa avenue yetu na kuwachekesha, jambo ambalo kila mtu aliniambia nisilifanye na kila mtu alinisogelea ili nilifanye. Nilikuwa naigiza namna marehemu alivyokuwa akibishana na wauza makala, yaani makaa: anainua kipande kimoja, anakitazama kama dawa iliyopitwa na muda, anakirudisha guniani kwa huruma. Nilipogeuka nikamwona mwanawe, Yaya Asumani, yaani kaka Asumani, amesimama mlangoni. Alikuwa amefika kwa basi kutoka Lubumbashi, ambako sasa anatengeneza kompyuta za watu wakubwa, na alikuwa amenenepa na kuvaa miwani. Nikarudi kwenye sahani. Akasema polepole, "Endelea, mudogo. Sauti yake imebakia tu mu kinywa yako." Basi nikaendelea mpaka tukacheka wote, halafu hatukucheka tena.

Mtu atasema kwamba msichana wa miaka kumi na saba akiandika kumbukumbu ni kama kifaranga kusimulia njaa ya zamani. Sawa. Lakini ule mwaka wangu wa kumi na tano uko mbali nami kuliko mnavyodhani. Mwaka ule nilikuwa najua kila kitu, na tangu hapo ujuzi wangu umekuwa ukipungua kila muhula.

Duka la Yaya Asumani lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Sanduku la kioo la kuoneshea simu lilikuwa na ufa uliozibwa kwa plasta ya hospitali. Mezani kulikuwa na kompyuta moja iliyong'oka herufi A, multimetre ya njano ya kupimia umeme, na moshi mwembamba wa risasi ya kuunganishia waya. Pazia la kitenge lilitenga duka na jiko. Upande wa pili Mama Zaina alikuwa na mbabula mbili, majiko ya makaa, moja ya chai na moja ya mikate ya mafuta, na benchi ambapo wake za wanajeshi kutoka base waliketi kungoja samaki wa Bukama aliowauza huku wakisemana kwa Lingala, wakidhani hatusikii. Tulisikia. Yote ninayojua kuhusu ndoa niliyapata kupitia pazia lile. Mimi nilikuja kwanza kwa ajili ya mikate. Prefe, mkuu wa shule yetu, alikuwa amenifukuza siku tatu kwa kosa la kutembea nyuma yake nikiigiza mwendo wake mbele ya bendera, na mtu aliyefukuzwa lazima akae mahali.

Hapo ndipo nilipoikuta katoni. Ndani yake mlikuwa na tableti ishirini na nne, zawadi kwa shule yetu kutoka kwa watu wema wa mbali, na zote zilikuwa nyeusi. Hazikuwa zimekufa. Ukizibonyeza zililia, zilipata joto mkononi, ila kioo hakikuonesha kitu, kwa sababu mfumo mpya uliowekwa ndani haukujua kioo kile ni cha aina gani. Prefe alizileta kwa Yaya Asumani na maneno machache: mtu wa zawadi atapita baada ya Pasaka, na kama bado ziko giza atazihamishia Kaniama, kwenye shule nyingine iliyoziomba na inayodai kuwa na fundi mkali kuliko wetu. Mjue kwamba sisi tulikuwa tunasoma informatique kwa kuchora kompyuta ubaoni. Nilikuwa na uwezo wa kuchora souris, kipanya cha kompyuta, nzuri kabisa, yenye kivuli. Kuishika, sikuwahi.

Kuwasha moja, Yaya alikuwa ameshaweza. Iliwaka mezani pake kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Lakini mtu wa zawadi alikuwa na sharti: haingizi kitu ndani ya tableti zake isipokuwa kimetoka kwenye noyau, yaani kile kiini cha mfumo ambacho watu wa dunia nzima wanakiandika pamoja, bure, mbele ya macho ya wote. Ukitaka kutia kitu chako humo, unatuma barua ya wazi. Kwanza unatuma dokima, yaani hati, inayoeleza kifaa: kioo kinaitwaje, kina upana gani, kinakula umeme kiasi gani, waya ipi inakiamsha. Programu inafuata pamoja nayo. Wasomaji wanaikagua dokima mstari kwa mstari, na barua zote, zao na zako, zinabaki wazi kwa yeyote milele, hata zile za siku uliyokuwa mjinga.

Msomaji wetu alikuwa bwana mmoja wa nchi ya baridi. Umri wake siujui. Kwa ukali wake nilimpa miaka sitini. Nilimwita Tonton Nafasi, yaani Mjomba Nafasi, kwa kuwa barua yake ya kwanza haikulalamikia jambo lolote isipokuwa nafasi tupu alizoziacha Yaya mwishoni mwa mistari. Fikirini mtu anayeona kitu ambacho hakipo, tena kutoka Ulaya. Barua zilikuja kwa Kiingereza. Kiingereza cha Yaya kiliishia kwenye maneno ya maboksi ya simu, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani, basi nikawa mfasiri kwa malipo ya mikate. Nilikuwa na mamlaka makubwa, na niliyatumia vibaya. Siku moja nilimfasiria kwamba Tonton anasema dokima yetu inanuka samaki. Yaya alinitazama tu, lakini nyuma ya pazia Mama Zaina aliuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Ile harufu inafikaka mpaka kule?" Yaya akanitupia kitambaa cha kufutia vioo.

Barua ya pili sikuifanyia mzaha. Tonton aliandika: Dokima yako inaeleza programu yako inafanya nini. Hilo sikuuliza. Niambie kifaa ni nini. Yaya aliniomba niisome tena, na tena. Siku zilizofuata nilimwona mtu mzima akikaa nusu siku mbele ya kioo kidogo kuliko daftari, akipima upana wake kwa rula yangu ya shule, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwa imezidisha milimita mbili. Alifuta kila mstari uliosema "tunataka" au "programu itafanya". Alibaki na maneno machache makavu, na kadiri yalivyokauka ndivyo alivyofurahi. Wateja wa simu waliketi wakingoja. Mimi nilikula na kumtazama, na kama mtu angeniuliza ningesema nipo kwa ajili ya mikate.

Kisha Tonton akasema dokima ingepata nguvu kama mtu wa pili, mwenye kifaa mkononi, angeikagua na kutia jina lake chini. Kuna mstari maalumu wa jambo hilo: Imekaguliwa na fulani. Juma lile lile, mtu aliyekuwa akimletea Mama Zaina samaki alimwangusha, ikabidi Yaya aende Bukama kuwaleta. Aliniachia simu yake, kwa sababu ndiyo iliyoipa kompyuta internet, aliniachia tableti moja imefunguliwa mgongo, multimetre, na karatasi yenye vitu kumi na viwili vya kupima. "Moja moja, mudogo," alisema. "Kisha tia jina yako." Akaondoka Jumatatu.

Niliitazama karatasi. Jua lilikuwa zuri. Nadège, rafiki yangu, binti wa mwanajeshi wa base, alikuja mbio kusema ndege kubwa inashuka na askari wanaruhusu watoto kukaa karibu na uzio. Sasa lazima niwaeleze desturi ya darasa letu. Profesa akiita majina na mwenzako hayupo, unamwitikia. Mimi nilikuwa na sauti nne za kusema "présent", mojawapo ya kiume, na kwa sauti ile nilimhudhurisha kijana aliyekuwa amehamia Mulongo na wazazi wake tangu mwanzo wa mwaka. Alimaliza muhula bila kukosa siku. Kwetu huo haukuwa uongo. Ulikuwa upendo. Basi nikaandika chini ya dokima: Imekaguliwa na Ngoie. Nikatuma, tukaenda kuangalia ndege.

Jumatano barua ilikuja, na haikuwa kwa Yaya. Ilikuwa kwangu, kwa jina langu. Tonton alinishukuru, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote juu ya nafasi. Alikuwa na swali moja kwangu mimi niliyepima. Dokima inasema waya ya kuamsha ikipanda umeme, kioo kinalala. Vioo vingine vya ukoo huu viko kinyume. Je, niliona nini? Nikithibitisha, ataingiza kazi yetu kwenye noyau Ijumaa. La sivyo, itangoja awamu inayofuata, kama wiki kumi. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu.

Niliandika: Nimepima, iko sawa. Ilikuwa rahisi, na kioo si kilikuwa kinawaka? Nikabaki nimeweka kidole juu ya kitufe. Mama Zaina aliniita kula. Sikuenda. Jambo hilo halijawahi kutokea, kwa hiyo akapita pazia kuona ni ugonjwa gani. Nikamweleza, kwa kuwa nilidhani atasema tuma, mwanangu, chakula kinapoa.

"Kutia jina," akauliza, "njo kusema nini?"

Nikamwambia ni kusema nimeona kwa macho yangu.

"Na uliona?"

"Hapana, Mama."

Alifuta mikono kwenye kitenge chake. Akanisimulia kwamba siku moja sokoni mwanamke mmoja alimuuzia samaki wa Mulongo, akaapa ni wa jana. Mama Zaina akamuuliza kama aliwaona wakitoka majini. Yule akasema hapana, ila aliyemuuzia ni mtu mzuri. "Nikanunua," Mama Zaina akasema. "Bantu bakahara siku mbili. Na bakakuya kwangu kunitukana, habakuenda kwa ule muntu muzuri." Kisha akavuta kigoda. "Leta ile mashini."

Mahali pa kugusa palikuwa padogo kama chembe ya ulezi. Sindano ya multimetre iliniteleza kila mara. Mama Zaina akaninyang'anya. Vidole vile vilikuwa vimegeuza mikate kwenye mafuta ya moto kwa miaka mingi, havikutetemeka kwa kitu chochote. Yeye alishika sindano, mimi nilisoma namba. Kioo kimelala: sifuri. Nikabonyeza. Mwanga wa buluu ukamgonga usoni, na namba ikapanda. Tukazima, ikashuka. Tukawasha, ikapanda.

"Inapanda, inaamuka," akasema. "Dokima inasema nini?"

"Ikipanda inalala."

"Fanya tena."

Tulifanya mara tano. Mara ya nne na ya tano zilikuwa za kujifurahisha kwake, naamini. Kisha nikafungua programu ya Yaya na kuona fumbo lilipokaa. Dokima ilikuwa kinyume, na ndani ya programu, palipotakiwa kusema "amka", Yaya alikuwa ameandika "lala". Makosa mawili yalishikana mikono, na kioo kikawaka vizuri. Siku ambayo mtu mwingine, popote duniani, angeandika programu sahihi kwa kuiamini dokima yetu, kioo chake kingebaki cheusi na asingejua kwa nini.

Mama Zaina hakuelewa yote hayo, lakini alielewa sehemu iliyobaki. "Ukisema kweli, katoni inaenda Kaniama?"

"Inaenda."

"Na kosa ya Asumani, bantu bote bataiona?"

"Bote, Mama. Na yangu."

Nyuma ya pazia mkate ulianza kuungua na hakuinuka. Mwishowe akasema, "Kama singeshika sindano, ningekwambia ufanye vile unataka. Sasa na minyi nimeona."

Nilifuta barua ya kwanza na kuandika nyingine. Niliandika kwamba nilitia jina langu bila kupima, naomba liondolewe. Kwamba leo tumepima mara tano, na dokima ina kosa, na programu ina kosa lile lile kwa upande wa pili. Kwamba aliyeshika sindano si mimi bali ni Mama Zaina, muuza samaki, wa Kamina. Tonton alijibu mistari minne tu. Asante. Hili lingeweza kukaa miaka bila kuonekana. Nangoja toleo lililosahihishwa. Na kama Mama Zaina anakubali, jina lake liandikwe kwenye mstari wa waliojaribu kifaa. Mama Zaina alifikiri kidogo, akaniuliza kama Z itakuwa kubwa, kisha akakubali.

Yaya Asumani alirudi Jumamosi. Nilimwambia kabla hajashusha kapu, kwa sababu najifahamu: kama angekaa, ningeanza na mzaha. Akaketi, akapima mwenyewe mara tatu, samaki wakidondosha maji sakafuni.

"Ungesema uongo, ingepita," akasema.

"Njo vile."

"Na minyi singejua."

"Njo vile, Yaya."

Siku mbili alizungumza nami kupitia mama yake tu. Mama, mwambie ule muntu anipe bisibisi. Mama, mwulize ule muntu kama anakula. Nilikuwa naketi umbali wa mkono. Siku ya tatu aliweka mbele yangu toleo jipya na ile karatasi ya vitu kumi na viwili. "Anza na upana," akasema. Ilinichukua siku nane, na kwa siku hizo nane, asubuhi, Nadège aliniitikia darasani. Uongofu ni safari ndefu.

Baada ya Pasaka mtu wa zawadi alikuja, akafungua katoni, akabonyeza mbili tatu, akaifunga. Ilifungwa kamba nyuma ya pikipiki kama mbuzi. Prefe alitoa hotuba, na nilisikiliza yote nikiwa nimesimama wima. Wenzangu walianza kumsema Yaya: fundi wa simu, hajui kitu, angewaachia wakubwa. Nikawaambia ni mimi. Kwa juma zima hakuna aliyeniitikia, na profesa aliandika utoro wangu wote, wa kweli na wa zamani.

Toleo jipya lilipokelewa wiki kumi baadaye, kama Tonton alivyosema. Miezi ikapita. Kisha Prefe akatuambia, kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu, kwamba mtu wa zawadi amepita Kaniama na mfumo mpya kwenye klé ya USB. Kesho yake Yaya alikuwa ameazima pikipiki.

Kutwa nzima tulikula vumbi na kusimama kupisha ng'ombe. Shuleni Kaniama alitupokea msichana wa miaka kama kumi na mmoja, amekumbatia tableti kifuani. Yaya alinyoosha mkono, msichana akarudi nyuma hatua moja. "Iko ya masomo," akasema. Lakini akakubali kutuonesha. "Unafinya hapa. Unangoja. Hapana kufinya mara mbili, itakasirika." Ikawaka. Yaya aliinama mpaka miwani ambayo wakati ule hakuwa nayo ingeanguka, akamuuliza kwa nini inawaka na zamani haikuwaka. Msichana alimwonea huruma waziwazi. "Juu fundi wa hapa eko mukali," akasema.

Nilikuwa na majibu saba tayari mdomoni, na mojawapo lilikuwa bora kuliko mizaha yangu yote ya mwaka ule. Nikamtazama Yaya. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mwanafunzi. "Kweli," akamwambia, "eko mukali." Nikayameza yote saba. Baadaye mwalimu wao alituruhusu kuingia, na Yaya akazunguka madawati akigeuza tableti moja baada ya nyingine, akiangalia mgongo, akirudisha. Nilidhani anatafuta kasoro. Nilichoka, nikaketi nje na kula karanga.

Tulirudi kesho yake mchana, wekundu kama matofali. Mama Zaina alikuwa anageuza mikate na hakuinua kichwa.

"Iliwaka?"

"Iliwaka, Mama," Yaya akasema.

"Hata ile nilishika?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, ili afurahi. Yaya akanitangulia. "Hata ile. Nimeona alama ya bisibisi ku mugongo yake. Iko kwa kijana moja wa kushoto, pa dirisha."

Mama Zaina aliutoa mkate kwenye mafuta kwa vidole, akauweka kwenye sahani, kisha akatutazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Muoshe mikono," akasema.